Slim wa Bama

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 1940, brigedia mmoja wa Kiingereza aliitwaa ngome ya Gallabat, mpakani mwa Sudan na Ethiopia. Ng'ambo ya korongo kavu ulikuwepo mji wa Metemma, mikononi mwa Waitaliano, na huo ndio aliokuwa akiutaka. Hakuupata. Vifaru vyake vingi vilikwama kwa mawe na mabomu ya kutegwa. Lori la mafundi likalipuliwa kwa ndege. Kisha baadhi ya askari wa kikosi cha Essex wakatimua mbio. Brigedia akapima, akasita, akaamuru warudi nyuma. Baadaye akapata habari iliyomchoma: Waitaliano wa Metemma nao walikuwa karibu kukimbia.

Huyo alikuwa William Slim, mtu ambaye hakuzaliwa katika nyumba za maofisa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyuma ambaye mambo yalimwendea kombo. Mwenyewe alikuwa amefundisha shule ya msingi na kufanya ukarani Birmingham, hadi vita vya 1914 vilipompa cheo. Alijeruhiwa Gallipoli, akahamia jeshi la India kwa Wagurkha, na mshahara ulipokuwa hautoshi aliandika hadithi magazetini kwa jina la bandia. Huenda ndiyo sababu kitabu chake cha 1956 kuhusu vita vya Bama kinasomeka vizuri kuliko vya majenerali wenzake. Jambo jingine linalokitenga ni kwamba anataja makosa yake.

Baada ya Gallabat alimwondoa kamanda wa kikosi kile cha Essex. Jenerali Noel Irwin naye alitoka rejimenti hiyo ya Essex, na hakusahau.

Machi 1942 Slim alitumwa Burma, au Bama kama walivyoiita wazee wetu wa Keya, jeshi la Waafrika Mashariki chini ya Waingereza. Rangoon, mji mkuu, ilikuwa imekwisha anguka mikononi mwa Wajapani. Kazi iliyobaki ilikuwa kurudi nyuma: takriban kilomita 1,450 hadi mpaka wa India, visima vya mafuta vya Yenangyaung vikichomwa njiani ili Wajapani wasivipate. Walipofika Imphal mwezi Mei, mvua za masika zikiwanyeshea, wengi walikuwa vitambaa juu ya mifupa, lakini bunduki zao wamezishika. Mwenyeji wao Imphal alikuwa Irwin, na mapokezi yalikuwa ya baridi, hata mahema hayakutosha.

Mwaka uliofuata mashambulizi ya Waingereza huko Arakan yalishindwa, na Irwin, aliyekuwa mkuu wake, akajaribu kumtupia Slim lawama na kumfukuza. Ikafika simu ya maandishi kwa Slim kutoka kwa Irwin mwenyewe: aliyefukuzwa ni yeye Irwin.

Oktoba 1943 Slim alikabidhiwa Jeshi la 14. Adui wake wa kwanza hakuwa Mjapani bali mbu. Mwaka ule, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi. Vidonge vya mepakrini vya kuzuia malaria vilikuwepo, ila askari hawakuvimeza, kwani ulizuka uvumi kwamba vinaua nguvu za kiume. Slim akaanza kupima vikosi kwa kushtukiza. Palipopungua asilimia 95 ya waliomeza, kamanda alifukuzwa. Watatu tu walitosha, waliobaki wakaelewa.

Machi 1944 Wajapani walivuka mpaka kuelekea Imphal na Kohima. Slim alichelewa kuiita nyuma Divisheni ya 17, na Kohima alitarajia rejimenti moja. Ikaja divisheni nzima. Makosa hayo mawili ameyaandika yeye mwenyewe. Yaliyomwokoa ni ndege za kupeleka chakula na ukaidi wa askari wa kawaida. Kufikia Julai Wajapani walikuwa wakirudi kwa njaa, na waliotumwa kuwafuata katika Bonde la Kabaw, kwenye tope na malaria, walikuwa askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: Wakenya, Waganda, Watanganyika, Wanyasa. Desemba walifika Kalewa, na hapo mafundi wakatandaza juu ya Mto Chindwin daraja la vyuma la mita 350 hivi.

Safari hii Slim hakusita. Alimwacha adui aamini kwamba jeshi zima linaelekea Mandalay, kumbe kikosi kikubwa kinapita kwa siri kusini kuelekea Meiktila, ghala la Wajapani. Mbele yake aliiweka Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, ili adui akiwaona askari Waafrika adhani ni Divisheni ya 11 tu. Mwanzoni mwa Machi 1945 Meiktila ilianguka, na tarehe 3 Mei majeshi yakaingia Rangoon, Wajapani wakiwa wamekwisha ondoka.

Siku chache baadaye mkuu wake, Jenerali Oliver Leese, alimjulisha Slim kwamba atanyang'anywa Jeshi la 14. Habari zikaenea kambini, maofisa wakawaka hasira. Mwezi Julai aliyefungasha virago ni Leese, na kiti chake akapewa Slim.