Mtanuko, si Kuenea

Walimu wa jiografia hapa Bunia wamepewa kijitabu kipya, na ndani yake tukio kubwa kuliko yote katika jiolojia, kuzaliwa kwa sakafu ya bahari pale mabamba ya gandunia yanapoachana, limeitwa "kuenea kwa sakafu ya bahari". Nililipinga jina hilo kwa barua kabla kijitabu hakijachapwa. Waliokaa kwenye kamati hawakujibu, na sababu zangu hazikujadiliwa. Naziweka hapa mbele ya wasomaji.

Kuenea ni kazi ya kitu kinachotoka kilipo kikafika pengine na kufunika kilichokuwapo. Maji ya mafuriko huenea. Maradhi huenea, sisi wa Ituri tuliishi na kitenzi hicho tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, miaka ya Ebola, na hakuna wa kutufundisha maana yake. Mwamba wa chini ya bahari haufuniki kitu. Mabamba yakiachana, mwamba moto wa chini hupanda kufuata nafasi iliyoachwa. Kadiri unavyopanda mgandamizo hupungua, na sehemu yake huyeyuka ijapokuwa haukuongezwa joto. Uji huo hupoa na kushikamana na kingo zote mbili. Kisha ukanda huo mpya nao hupasuka katikati, nusu ikaenda na bamba hili, nusu na lile. Ganda linalopatikana lina unene wa kilomita 6 au 7, na kila kipande chake hubaki kimeng'ang'ania bamba lake. Kiko wapi kilichoenea?

Wapinzani wengine wanashika "upanuzi wa bahari", neno walilolichota katika Kifaransa cha shule zetu bila kulipima. Panua imezaliwa na -pana: kilichopanuliwa lazima kiwe kipana kuliko jana. Atlantiki inakubali, kwa sentimita 2 hadi 5 kwa mwaka. Pasifiki inakataa. Mgongo wake wa mashariki, yaani safu ya milima ya chini ya maji pale mabamba yanapoachana, ndio wenye kasi kuliko yote, hufikia sentimita 15 kwa mwaka mahali fulani, na bado bahari hiyo inazidi kuwa nyembamba, kwa sababu kingo zake zinazama chini ya mabara kwa wingi kuliko kile kinachozaliwa katikati. Istilahi inayokanushwa na bahari kubwa kuliko zote duniani haifai kupewa mtoto wa shule.

Mimi nasema mtanuko. Mtu hutanua vidole, hutanua miguu. Ndege hutanua mbawa. Daima kuna pande mbili, daima kuna kati, na pande zote mbili huondoka katika kati hiyo. Kiambishi -ua, pamoja na ndugu yake -uka, ndicho tunachokitumia kwa vitu vilivyoshikamana vikaachana: pasua, atua, chanua, fumbua. Lugha yetu ilikuwa na jengo hili tayari kabla ya mtaalamu yeyote kushusha kamba ya kupimia kina. Na ushahidi wa jiolojia una umbo hilohilo. Mwaka 1962 meli ya Kiingereza ya Owen ilipima usumaku juu ya mgongo wa Carlsberg, katika Bahari ya Hindi kati ya Somalia na India. Mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews walieleza kwamba mwamba unaopoa hutunza mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati huo, na kwa kuwa mwelekeo huo hugeuka mara kwa mara, sakafu ina milia inayolingana kulia na kushoto kwa mgongo. Milia inayolingana pande mbili haiwezi kuitwa kuenea.

Sakafu yenyewe sina ugomvi nayo, ingawa wapo wanaotaka kuiondoa kwa kuwa ni ya Kiarabu. Katika Kiarabu saqf ni paa. Waswahili wa Lamu na Unguja walijenga nyumba za mawe zenye paa bapa la chokaa na kokoto iliyopondwa, na paa la chumba cha chini likawa mahali pa kukanyagia aliye juu. Neno likashuka kutoka kichwani hadi miguuni. Ganda la bahari liko hivyohivyo: ni sakafu ya maji na ni paa la mwamba moto. Neno lililobeba maana mbili kwa uaminifu kiasi hiki lisiguswe.

Nimeambiwa kwamba mtanuko hautaji mwamba mpya. Ni kweli, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kuachana ndiko kunakotangulia na kujaa kunafuata. Jambo hili linatuhusu hapa hasa. Ukishuka kutoka Bunia kupitia Bogoro hadi Kasenyi, unateremka zaidi ya mita 600 mpaka Ziwa Albert. Mwaka 1921 E. J. Wayland, mkuu wa upimaji wa miamba wa Uganda, aliandika kwamba bonde la ziwa hili lilitokana na mbano, yaani kingo zake kusukumwa zikaelekeana. Bailey Willis, Mmarekani, alimuunga mkono mwaka 1936. Leo tunajua kingo hizo zinaachana, kwa milimita chache tu kwa mwaka, na bonde limezama na kujaa mashapo ya kilomita kadhaa. Hakuna sakafu ya bahari chini ya Ziwa Albert. Mtanuko upo, mwamba mpya wa bahari bado. Wenye "kuenea" watauitaje ufa wetu, ambao umeachama lakini haujazaa? Neno langu linauchukua ufa huu, linachukua Afar ya Ethiopia, ambako Septemba 2005 ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 hivi, na linachukua Bahari ya Shamu, ambayo tayari ina sakafu changa katikati yake.

Matumizi ni mepesi: mabamba hutanuka, sakafu huzaliwa mtanukoni, na mahali penyewe panaitwa mgongo wa mtanuko.