Jasho la Gallagher

Mwaka 1963, Rory Gallagher, kijana wa miaka 15, alichukua kwa mkopo gita la umeme katika duka moja mjini Cork, Ayalandi. Lilikuwa Fender Stratocaster la mwaka 1961, bei pauni 100. Alilipiga mpaka alipofariki mwaka 1995, na miaka hiyo yote jasho lake lililila: vanishi ikabanduka, rangi ikachubuka, sehemu kubwa ya mbao ikabaki uchi.

Sasa angalia: mwaka huohuo wa 1995 kampuni ya Fender, kule Marekani, ikaanza kuuza magita mapya yaliyozeeshwa makusudi. Ya mwanzo yalizeeshwa na fundi Vince Cunetto. Kazi yenyewe si muujiza: unakwangua rangi pale mkono unapoegemea, unatia kutu kwenye vyuma, unaitia vanishi nyufa. Baadaye ikatoka hata nakala ya gita la Gallagher, michubuko yote mahali pake.

Wapo wanaocheka: eti mtu alipie jasho asilolitoa? Nami nilicheka, kama tunavyozicheka jinzi zilizochanwa kiwandani. Lakini tuseme kweli, gita jipya linanata mkononi. Hili lililokwanguliwa linateleza vizuri, tena huogopi kulikwaruza.

Linalonikera ni dogo. Michubuko ya Gallagher inaonyesha mkono wake ulipita wapi kila usiku. Anayenunua nakala anaanza na alama za mkono wa mwenzake, na zake zikija, hataweza kuzitofautisha.