Msomaji au Mtangazaji? Historia ya Jina la Kazi katika Televisheni

Mara kwa mara wafasiri na maofisa utumishi hutaka kujua mtu anayetoa taarifa ya habari katika televisheni aitweje. Baadhi yao humwita msomaji wa habari, wengine mtangazaji, na wengine mwanahabari. Swali hili halijibiwi kwa kamusi peke yake. Jina la kazi huzaliwa na kazi yenyewe. Kwa hiyo yafaa kwanza tuwatazame wale walioitangulia kazi hiyo katika Afrika Mashariki.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Mtambo wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na matangazo yake yalifika umbali wa maili 15 tu. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji, likaitwa Sauti ya Kenya hadi mwaka 1989. Zanzibar ilifungua televisheni yake mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kila mahali redio ilitangulia. Kwa hiyo wengi wa watangulizi wa televisheni walikuwa wamelelewa na redio, na jina la redio likahamia pamoja nao: mtangazaji.

Jina hilo lina mizizi mirefu. Kutangaza ni kulifanya jambo lienee kwa watu wote. Kabla ya mitambo, kazi hiyo ilifanywa na mpiga mbiu, na wahenga wakanena kuwa ikilia mbiu ya mgambo, ina jambo. Watu hawakuitikia pembe kwa sababu ya mlio wake. Waliitikia kwa kuwa walimjua aliyeipiga na waliamini kuwa ametumwa.

Uzito wa imani hiyo ulidhihirika Nairobi tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi walioasi waliiteka Sauti ya Kenya, lakini mitambo peke yake haikuwatosha. Walikwenda nyumbani kwa Leonard Mambo Mbotela, wakamlazimisha atangaze redioni kuwa serikali imepinduliwa. Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, alikuwa ameingia katika utumishi huo mwaka 1964, na tangu mwaka 1966 wasikilizaji walimjua kwa kipindi chake cha adabu na mwenendo, “Je, Huu ni Ungwana?”. Siku hiyo hiyo majeshi ya serikali yaliikomboa stesheni, na sauti ile ile ikatangaza kuwa serikali ingali madarakani. Pande zote mbili zilikuwa na maandishi na watu wa kuyasoma. Zilichokitafuta ni sauti iliyoaminiwa na wananchi. Mbotela alifariki dunia mwaka 2025, na wengi wangali wanamkumbuka kwa siku ile.

Televisheni iliongeza uso juu ya sauti. Catherine Kasavuli aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1980 akiwa mtangazaji wa redio, kisha akahamia televisheni. Mwaka 1990 kilipofunguliwa KTN, kituo cha kwanza cha televisheni kisichokuwa cha serikali nchini Kenya, yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kutangaza habari hewani moja kwa moja katika kituo hicho. Katika utangazaji wa namna hiyo hapana nafasi ya kurudia. Picha ikichelewa au habari ikibadilika, karatasi haimsaidii aliyeketi mbele ya kamera. Hana budi kusema, na kusema sawasawa. Kasavuli alifariki dunia mwezi Desemba 2022.

Kutokana na historia hii, tunaona kwamba “msomaji wa habari” ni jina finyu. Linataja tendo la macho juu ya karatasi, likaacha dhamana iliyopo baina ya msemaji na umma. Yafaa litumike tu pale mtu anaposoma maandishi yaliyotayarishwa na wengine. Mwenye dhamana ya kipindi chote cha habari aitwe “mtangazaji wa habari”. Anayezifuata habari zilikotokea ni “mwandishi wa habari wa televisheni”, hata kama ameshika kipaza sauti badala ya kalamu. “Ripota” nalo limekwisha kuzoeleka. “Mwanahabari” na liwe jina la jumla la wote hao.

Kuna anayeweza kushawishika kufuata mfano wa Wamarekani, ambao humwita mtangazaji huyu kwa jina la nanga. Kwa mabaharia wetu nanga ni ya kukizuia chombo kisiende, ilhali habari hutakiwa ziende.

Huenda jambo hili likaonekana dogo. Lakini ofisa anayeandika muundo wa utumishi hupima kazi kwa jina lake, na mwalimu humfundisha mtoto ukubwa wa kazi kwa jina hilo hilo. Tukiwaita watangulizi hawa wasomaji tu, tutakuwa tumesahau ni kwa nini watu walinyamaza wakawasikiliza.