Dirisha Hapa, Kompyuta Kule

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Kompyuta ya kwanza ya nchi, ICT 1500, ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na uzoefu wa miaka iliyofuata ulikuwa wa gharama na usumbufu, huku fedha za kigeni zikiwa haba. Katazo hilo liliikuta dunia katika zama za kompyuta moja kubwa yenye vioo vingi. Mashine ilikaa katika chumba chenye kiyoyozi, wafanyakazi wakakaa vyumba vingine, kila mmoja na kioo na kibodi yake, na hesabu zote zilifanyika kule kwenye mashine. Zama hizo zilimpita Mtanzania wa kawaida. Alipokuja kukutana na kompyuta, mara nyingi katika miaka ya 1990 na baadaye, alikutana na kompyuta binafsi, boksi lenye kila kitu ndani yake.

Ndiyo maana wazo la kukaa mbele ya mashine moja huku programu ikiendeshwa na nyingine lilifika huku likionekana jipya, ingawa lilikuwa la zamani. Kilicholileta ni kompyuta kuukuu. Kiseke, kata ya Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza inayojulikana kwa nyumba za mradi wa mfuko wa pensheni wa PPF, ni mahali pazuri pa kulitazama wazo hilo, kwa kuwa ni mtaa wa makazi na biashara ndogo: stesheneri, ofisi za vyumba viwili, shule, vijana wanaosoma chuo wakiwa nyumbani. Kompyuta nyingi za mazingira ya namna hii zilinunuliwa zikiwa zimetumika kwingine. Programu nzito ikiwa kwenye mashine yenye nguvu iliyoko mbali, boksi hili dogo liwekewe programu gani ya kuionyesha?

Jibu limebadilika mara kadhaa kwa miaka arobaini. Waliotunga programu hizo walikuwa wakipigania hasa ubora wa picha na kasi ya mashine. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, hata hivyo, mambo mawili ndiyo yaliyoamua: laini ya mawasiliano na umeme.

Jibu la kwanza kuenea lilizaliwa Marekani, katika chuo cha MIT. Huko, mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa kampuni za DEC na IBM ulikuwa na kompyuta za aina tofauti zisizoelewana. Bob Scheifler na Jim Gettys walichukua mfumo wa madirisha uitwao W uliotoka Stanford, wakauandika upya, na Juni 1984 Scheifler akautangaza kwa wenzake kwa jina la X. Toleo la kumi na moja, X11, lilitoka Septemba 1987, na misingi yake inatumika hadi leo.

X ilifanya jambo la busara. Badala ya kusafirisha picha nzima ya kioo, programu ya mbali hutuma maagizo: chora mstari hapa, andika maneno haya kwa herufi hizi, fungua dirisha la ukubwa huu. Mashine ya mtumiaji ndiyo inayochora. Kwa hiyo hata kompyuta dhaifu inaweza kuonyesha programu ambayo yenyewe isingeiweza, mradi iwe na programu ya kupokea maagizo hayo. Na kila dirisha husimama peke yake kwenye kioo, kana kwamba limefunguliwa papo hapo.

Wenye kompyuta binafsi nao hawakukaa mbali kwa muda mrefu. Mwaka 1992 kampuni ya Quarterdeck ilitoa DESQview/X, iliyofungua madirisha ya X juu ya DOS. Hummingbird ya Kanada iliuza eXceed kwa watumiaji wa Windows, na ofisi nyingi kubwa duniani ziliinunua. Kampuni ya MicroImages ya jimbo la Nebraska, watengenezaji wa programu za ramani, ilitengeneza MI/X ili programu zake ziweze kuonekana kwenye Windows na Macintosh, kisha ikaitoa kwa wengine pia. Kwa mtu mwenye kompyuta ya zamani chaguo lilikuwa jepesi: mwenye fedha alichukua eXceed, asiye nazo akatafuta ya bure na kuvumilia mapungufu yake.

Zote zilidhani jambo moja: kwamba mashine mbili ziko jengo moja, zimeunganishwa kwa waya wa haraka. Mwanza ya mwishoni mwa miaka ya 1990 haikuwa hivyo. Intaneti ilifika kwa simu na modemu, au kwa dishi la setilaiti.

Setilaiti ya aina iliyotumika wakati huo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali likitoka Mwanza hupanda, hushuka, na jibu hupanda tena na kushuka tena: zaidi ya kilomita 140,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, hiyo ni karibu nusu sekunde kabla mashine yoyote haijafanya kazi yake. Programu ya X ikifunguka huweza kuuliza na kusubiri majibu mara mia au zaidi: kioo chako kina rangi gani, una herufi hizi, dirisha limekaa wapi. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, arudi, aende tena akalete kiberiti, arudi, aende tena. Maulizo mia moja kwa nusu sekunde ni sekunde 50, na hapo dirisha ndiyo kwanza linafunguka. Mtu akilipia laini kubwa zaidi hapati nafuu, kwa sababu umbali haupungui.

Njia ya pili ilitoka Cambridge, Uingereza, kwenye maabara ya utafiti ya Olivetti na Oracle. Mwaka 1998 watafiti wake waliitoa VNC bure kwa umma. VNC haitumi maagizo ya kuchora. Hutuma picha yenyewe, vipande vilivyobadilika tu. Programu ya mtazamaji ilikuwa ndogo kiasi cha kuenea kwenye flopi moja, na ilifanya kazi kwenye karibu kila kompyuta. AT&T iliichukua maabara hiyo mwaka 1999 na kuifunga mwaka 2002; baadhi ya wahandisi wake wakaanzisha RealVNC, na wengine huko nje wakatengeneza TightVNC iliyobana picha zaidi.

Kubana huko kulikuwa na maana kubwa. Kioo cha nukta 1024 kwa 768 chenye rangi za biti 16 ni baiti milioni moja na nusu. Kwenye modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, picha moja ya namna hiyo isiyobanwa huchukua karibu dakika nne. Fundi aliyeijua hesabu hii alipunguza rangi hadi 256, akaondoa picha ya nyuma ya kioo, akapunguza na ukubwa wa dirisha. Kazi ikawezekana.

Lakini fadhila kubwa ya VNC kwa watu wa huku haikuwa kwenye picha. Ilikuwa kwenye umeme.

Dirisha la kawaida la X likipoteza mawasiliano na kioo chake, programu hufa pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa. VNC ni tofauti. Kikao kinaishi kwenye mashine ya mbali, na kioo cha mtumiaji ni cha kutazamia tu. Umeme ukikatika Kiseke, barua iliyokuwa ikiandikwa inabaki kule ilivyo, hata nusu ya sentensi. Umeme ukirudi, mtu anaingia tena na kuikuta. Tanzania ilipitia mgawo mkali wa umeme mwaka 2006 na tena mwaka 2011, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa. Kwa aliyekuwa akifanya kazi za mbali miaka hiyo, sifa hii moja ilizidi nyingine zote, na inastahili kutajwa kwanza kila programu hizi zinapolinganishwa.

Upande wa Windows ulikuwa na hadithi yake. Citrix, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Ed Iacobucci aliyetoka IBM, ilitoa WinFrame, ya kuitumia Windows kwa mbali, mwaka 1995. Microsoft ilinunua haki ya teknolojia hiyo, na mwaka 1998 ikatoa Windows NT 4.0 ya aina ya Terminal Server pamoja na itifaki ya RDP. RDP hutunza vipande vya picha vilivyokwisha kuonekana ili visitumwe tena, na kikao chake nacho huishi baada ya laini kukatika. Kwa kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam na tawi Mwanza, ambayo hesabu zake ziko kwenye Tally au QuickBooks, ikawa njia ya kawaida.

Kuna mahali X ya zamani ilishinda wazi hata katika Afrika: darasani. Mwaka 1999 Jim McQuillan wa Michigan alianzisha LTSP, mpango wa Linux unaoziwasha kompyuta kupitia waya wa mtandao wa ndani bila hata diski. Seva moja yenye nguvu hukaa pembeni, na kompyuta kuukuu, pamoja na monita zake za kichogo, huwa vioo tu. Intaneti haihitajiki, wala setilaiti haimo njiani. Afrika Kusini, Taasisi ya Shuttleworth ilitumia mbinu hii katika maabara zake za tuXlab kwenye shule zaidi ya 200. Edubuntu, Linux ya shule iliyotoka mwaka 2005, iliibeba LTSP ndani yake, na mwongozo wake ulitoa kanuni rahisi: megabaiti 256 za RAM kwa seva, na 192 kwa kila mwanafunzi. Darasa la vioo 20 lilihitaji seva ya gigabaiti nne, wakati kila kioo kilitosheka na kiasi kidogo sana.

Wakati huohuo, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwenye seva ya LTSP programu kama hiyo huwekwa mara moja na darasa zima likaipata. Kasoro ya mpango huu ni nzito, na haifai kufichwa: seva ikiharibika, vioo vyote 20 vinazimika pamoja, na shule isiyo na fundi karibu inabaki na chumba cha mapambo. Monita ya kichogo nayo hula wati 80 au zaidi, hivyo akiba iliyopatikana kwenye maboksi ilirudi kwenye luku.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, EASSy ukafuata mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukaziunganisha kanda za ndani. Nusu sekunde ya setilaiti ikawa sehemu ndogo tu ya sekunde. Ghafla X ikatumika tena kwa masafa marefu. Mtafiti mwenye kompyuta ya Windows XP aliweza kuweka Xming, iliyo ndogo na ya bure, pamoja na PuTTY ya Simon Tatham, kisha akafungua dirisha la mashine iliyo mji mwingine kupitia njia ya siri ya SSH, itifaki ambayo Tatu Ylönen wa Finland aliitunga mwaka 1995. Kompyuta kubwa za utafiti, kama ile ya ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko jijini Nairobi, hufikiwa kwa SSH hadi leo.

Aliyetaka wepesi wa laini na usalama wa kikao kwa pamoja alipata NX ya kampuni ya NoMachine, kisha X2Go iliyojengwa juu yake. Hizi huzuia maulizo yasiyo ya lazima, hubana yaliyobaki, na kikao hulala umeme ukikatika. Kwa kompyuta yenye gigabaiti mbili za RAM inayotumia bando la simu, X2Go bado ni chaguo la kwanza kwa programu za Linux. Kwa programu za Windows ni RDP, ila isiachwe wazi kwenye intaneti: Mei 2019 udhaifu uitwao BlueKeep ulikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, iliyokwisha kuachwa tangu Aprili 2014.

Siku hizi kazi nyingi za stesheneri, kama maombi ya mkopo wa elimu ya juu, hupita kwenye kivinjari, na fundi akitaka kusaidia mteja kwa mbali hutumia AnyDesk au TeamViewer, zote za Ujerumani. Lakini swali la boksi kuukuu halijaisha. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwaka huohuo Red Hat ilitoa toleo la 10 la Linux yake bila seva ya X.Org, ile inayochora madirisha ya X, ikibakiza Xwayland kwa programu za zamani. Anayeifufua mashine ya mwaka 2013 leo anaweza kuiwekea Linux nyepesi yenye mazingira ya madirisha ya Xfce, pamoja na X2Go, na ikifunguka aanze na jaribio moja: avute waya wa mtandao katikati ya sentensi, asubiri, aurudishe, aone kama sentensi ipo.