Safu ya nne: lutuku, Kolwezi na sisi tunaoanza utafiti

Bandugu wa promo, leo siandiki juu ya mbolea. Naandika juu ya safu moja ya daftari yangu.

Wakati wa memwari yangu ya lisansi nilizunguka masoko na vijiji vya kandokando ya Kolwezi nikiuliza wamama: mahindi yako yanaenda wapi? Nilikuwa na safu tatu: ya kula, ya kuuza, ya mbegu. Siku ya kwanza tu mama mmoja akacheka: "Mwana yangu, na ile ya lutuku utaiandika wapi?" Nikaongeza safu ya nne. Ikajaa haraka. Niliporudi, mwalimu aliyenisimamia akaniambia niifute, eti hiyo ni kazi ya polisi ao ya mapadri, si ya agronomia. Nikaifuta. Nilitaka kumaliza masomo.

Mwaka uliofuata mjomba wangu, mchimbaji wa mikono, alilazwa hospitali, ini limeharibika. Alikuwa anakunywa kila asubuhi mbele ya kushuka mu shimo. "Inaondosha woga," alikuwa anasema. Daktari akaniuliza: kiasi gani kwa siku? Tangu lini? Hiyo lutuku inatengenezwa na nini? Mimi mwenye daftari nzima nilikosa jibu.

Tangu hapo najiuliza: huku kwetu madini yanapimwa mpaka gramu ya mwisho, kwa nini pombe ya watu haipimwi? Historia inajibu kwa sehemu.

Mwaka 1919, kule Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mataifa yenye makoloni yalitia sahihi mapatano juu ya pombe kali katika Afrika. Mapatano yalikataza kuingiza pombe kali za biashara na kuzitengeneza katika eneo kubwa la bara, Kongo ikiwa ndani. Ubelgiji nao ulitia sahihi. Lakini bia ilikuwa na njia yake: katika miaka ya 1920 Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilikuwa tayari na kiwanda cha bia. Union Minière ilipoanzisha Kolwezi mwaka 1937, ilileta na desturi ya kambi zake: kuhesabu wafanyakazi, kugawa posho ya chakula, kupima uzito wa watoto wachanga. Mama mwenye pipa na bomba ya lutuku nyuma ya nyumba hakuwa mtu wa kuhesabiwa. Alikuwa mtu wa kukamatwa. Na mtu anayejificha hakuna anayemuuliza maswali. Kwa hiyo lutuku iliingia mu karatasi za polisi mbele ya kuingia mu karatasi za chuo kikuu. Maneno ya mwalimu wangu yana umri mrefu kuliko yeye mwenyewe.

Kisha kazi ikaanguka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Sheria ya madini ya 2002 ikatambua uchimbaji wa mikono, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa mwaka 2001 kitabu kizima juu ya mamlaka ya baba katika familia za wafanyakazi wa Katanga na namna yalivyobadilika. Ukikisoma, unaanza kuelewa watu kama mjomba wangu, na pia wamama wanaolipa minerval ya watoto kwa pesa ya lutuku.

Sasa angalieni Kasulo, hapa hapa Kolwezi. Mwaka 2014 madini ya kobalti yalionekana chini ya nyumba za watu, na mtaa ukageuka mashimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima wakaaji 72 wa Kasulo, 32 kati yao watoto, wakawalinganisha na watu 25 wa mtaa wa jirani. Utafiti ulitoka mwaka 2018, na jina la kwanza juu yake ni la Mkongo, Célestin Banza Lubaba Nkulu. Mkojo wa watoto wa Kasulo ulikuwa na kobalti karibu mara kumi ya ile ya watoto wengine. Yale ambayo kila mama wa Kasulo alikuwa anayahofia yakawa namba. Na namba hiyo ilihitaji vitu viwili: watu wanaojua mtaa, na wakubwa wenye maabara walio tayari kufanya kazi nao kwa miaka.

Mu mambo ya ulevi pia inawezekana. Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, na wenzao wa Marekani waliandika mwaka 2005 juu ya vijana wanaojidunga heroini mu mageto. Mwaka 2011 Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni. Na kipimo cha kuanzia hakina bei: Shirika la Afya Duniani lina maswali kumi juu ya unywaji, yanaitwa AUDIT, yaliyotengenezwa kwa kazi iliyofanyika katika nchi sita. Kenya ilikuwa moja yao. Alama ni kutoka 0 mpaka 40, na kuanzia 8 unajua kuna jambo la kufuatilia.

Basi kinachokosekana si mashine. Maswali yale yanahesabu vinywaji kwa kipimo kimoja, na lutuku yetu inauzwa kwa kikombe cha kila nyumba. Lazima mtu apime kwanza vikombe, meka za mahindi kwa pipa moja, na nguvu ya pombe yenyewe. Hiyo ni agronomia kabisa.

Kwa chama chetu naomba mambo matatu. Kila mwanafunzi anayechagua somo hili apate mkubwa mmoja wa kumsimamia mpaka maandishi yatoke, hata kama chuo kinasita. Tuchange franka za safari na za maabara. Tena daftari zisiwe na majina ya wamama, kwa sababu utafiti unaowaletea polisi utafunga midomo ya mtaa kwa miaka mingine mingi.

Mjomba alitoka hospitali, lakini hajaacha kunywa. Mimi nimerudisha safu ya nne kwa namba nilizokumbuka, na nyingi zimepotea. Kama uko mu mwaka wa mwisho na unataka somo hili, nitafute. Tutarudi soko lile lile kuuliza upya.