Jina Katika Matofali

Nani katika sisi asiyejua taabu ya matofali? Udongo hukanyagwa kwa miguu, hutiwa katika kalibu, huanikwa juani, kisha hupangwa katika tanuu na kuchomwa usiku na mchana. Ikumbukeni kazi hiyo, ndugu wasomaji, msomapo habari za Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliyetawala tangu mwaka 605 hata 562 kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. Ndiye aliyeuteketeza Yerusalemu na kuwachukua Wayahudi mateka.

Mwaka 1899 Mjerumani mmoja, Robert Koldewey, alianza kuchimba mahali palipokuwa Babeli, katika nchi iitwayo sasa Iraki, akaendelea hata 1917. Alifukua kuta, majumba, na lango kubwa la matofali ya rangi ya buluu. Lakini kitu kilichoonekana tena na tena ni jina. Matofali mengi yalikuwa yamepigwa chapa yangali mabichi, kwa mwandiko wa nchi ile, yakimtaja Nebukadreza, na baba yake, na sifa yake ya kuzitunza nyumba za miungu. Waliokanyaga udongo hawakutajwa katika chapa hiyo.

Basi, fungueni Kitabu cha Danieli, mlango wa 4. Mfalme aliota mti mkubwa uliokatwa. Danieli akamfasiria ndoto, akamsihi aziache dhambi zake kwa kutenda haki na kuwahurumia maskini. Liangalieni sana shauri hilo. Hakumwambia aubomoe mji wake, wala akae majivuni. Alimwelekeza kwa wanyonge. Nionavyo mimi, ndiyo dalili ya kwanza ya kiburi: mtu hawaoni tena wale ambao kwa migongo yao amepanda juu.

Ikapita miezi kumi na miwili, nao ni muda mrefu wa kutubu. Siku moja mfalme alikuwa akitembea juu ya jumba lake, akautazama mji, akajisifu kwamba ameujenga kwa uwezo wake mwenyewe, kwa ajili ya utukufu wake. Kwa uwezo wake! Je, ni yeye aliyechota maji? Neno lingali kinywani, sauti ikashuka kutoka mbinguni. Akafukuzwa kati ya watu, akala majani kama ng'ombe, nywele zake zikawa kama manyoya ya tai, na kucha zake kama za ndege, hata alipoinua macho mbinguni. Hapo akili zake zikamrudia, na ufalme pia.

Siwezi kumcheka sana. Nalipokuwa kijana tulimwaga sementi kizingitini pa shule yetu. Jioni, watu walipokwisha kwenda zao, nalirudi peke yangu nikaandika jina langu kwa kijiti. Maji ya kazi ile yaliletwa na akina mama kwa vichwa vyao. Mimi sikuchota hata debe moja. Jina lingalipo hata leo, nami nipitapo hapo hupita upesi.

Babeli ilitwaliwa na Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 kabla ya Kristo, yaani miaka 23 tu baada ya kufa kwake Nebukadreza. Karne nyingi baadaye watu wa Hilla, mji ulio karibu, waliyachukua matofali yale wakajengea nyumba zao, wala hawakumwuliza mwenye jina.

Tena katika miaka ya 1980 mtawala wa Iraki, Saddam Hussein, alijenga kuta mpya juu ya misingi ile ya kale, akaagiza matofali yaandikwe kwamba Babeli imejengwa upya zamani zake. Akajijengea na jumba kilimani, lenye kuutazama mji wote. Mwaka 2003 akaangushwa, akakamatwa amejificha shimoni. Mwaka 2006 akanyongwa. Jumba likabaki tupu, milango na madirisha yameng'olewa. Nao wapitao huingia humo, huokota kijiti cha makaa au kipande cha chokaa, na kuandika majina yao ukutani.