Basenji, mbwa wa msitu wa Ituri: historia ya mnyama aliyeokolewa akiwa mgonjwa

BUNIA, Ituri – Katika mitaa ya Bunia, mbwa akizeeka au akishikwa na ugonjwa, habari yake mara nyingi huisha haraka. Meno yakimtoka, hawezi tena kulinda nyumba. Manyoya yakinyonyoka kwa ukurutu, watoto wanamrushia mawe. Mwishowe anaonekana akizunguka kwenye takataka za soko. Mtu akimwokota na kumpeleka kwake, majirani huuliza: huyu ni wa kazi gani?

Swali hilo lina haki yake katika mji ambamo chakula cha watu wenyewe hakitoshi, na ambamo familia nyingi zilizokimbia vita vya Djugu, Irumu na Mambasa zimejibanza katika kambi na kwa ndugu. Lakini historia ya mbwa wa eneo hili inatoa jibu. Mbwa huyo ametoka msituni, akavuka bahari, akaugua karibu kumalizika, na kila mara alibaki hai kwa sababu kuna mtu aliyekubali kumchukua mbwa mgonjwa.

Ulimwenguni anaitwa basenji. Ni mbwa mdogo, mwenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama, ngozi ya paji la uso iliyokunjamana, na mkia uliojikunja mgongoni. Habweki kama mbwa wengine. Umbo la koo lake humfanya atoe sauti ndefu ya kupanda na kushuka, inayofanana na wimbo. Jike lake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi hupata mara mbili.

Jina lake linajulikana kwa kila anayesema Kiswahili au Lingala. Basenji ni washenzi. Watu wa misafara ya biashara kutoka pwani waliwaita hivyo wenyeji wa bara, na wazungu wa ukoloni wakalichukua tusi hilo. Mbwa wa watu wa msituni akawa mbwa wa basenji, na katika vitabu vya wafugaji wa Ulaya neno likabaki kuwa jina la heshima. Leo kuna watu wanaolipa dola nyingi kwa mnyama mwenye jina ambalo, likisemwa kwa mtu sokoni Bunia, lingezua ugomvi.

Mgeni mmoja wa kwanza kuandika habari zake alikuwa Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyesafiri kati ya mwaka 1868 na 1871 hadi nchi ya Azande na Wamangbetu, ambayo leo sehemu yake ni Haut-Uele, jirani wa Ituri. Alieleza mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliopinda kama wa nguruwe mdogo, waliofungwa kengele shingoni. Kengele hiyo ilikuwa na sababu. Mbwa asiyebweka hupotea katika majani, na mwindaji hawezi kujua yuko wapi. Wambuti wa Ituri nao waliwafunga mbwa wao kengele za mbao walipokwenda kuwinda.

Hata hivyo, historia isipambwe. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Wambuti wa Epulu, katika Mambasa, miaka ya 1950, aliandika kwamba mbwa wa kuwinda walikuwa na thamani kubwa, lakini walipigwa mateke tangu kuzaliwa hadi kufa. Mbwa alipendwa kwa kazi yake. Akishindwa kazi, hakuna aliyemtafutia dawa.

Wazungu walipotaka kumpeleka kwao, walikuta shida nyingine. Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hii walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts huko London. Muda mfupi baadaye wote walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na ubongo wa mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alipeleka Uingereza mbwa sita kutoka Sudan, nao wakafa. Mwingereza mwingine, Olivia Burn, aliwachukua wa kwake katika Kongo ya Wabelgiji. Naye alipoteza mbwa kabla ya kufaulu. Mwaka 1937 mbwa wake walionyeshwa Crufts, na watu walijazana kuwaona wanyama wasiobweka.

Marekani mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka huohuo wa 1937, Bibi Byron Rogers wa New York aliingiza dume na jike. Jike na watoto wake walikufa, akabaki dume peke yake, jina lake Bois. Kama si mbwa mmoja aliyefika baadaye bila kualikwa, habari ingeishia hapo.

Mwaka 1941 meli ya mizigo kutoka Afrika Magharibi ilitia nanga Boston. Katika sehemu ya shehena walimkuta mbwa jike, amekonda sana kwa safari ya majuma kadhaa. Hakuwa mtoto wa mbwa wa kuchezea. Alikuwa amekwisha kukomaa. Alexander Phemister, wa mji wa Kingston katika jimbo la Massachusetts, alimchukua na kumtunza mpaka akapata nguvu. Akaitwa Congo. Phemister alimpata pia Bois, yule dume aliyebaki, na wawili hao wakazaa basenji wa kwanza waliozaliwa na kukua Marekani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1943, American Kennel Club, chama kikubwa cha wafugaji mbwa nchini humo, kikaiandikisha aina hiyo rasmi.

Lakini mwanzo wa namna hiyo ulikuwa na deni. Maelfu ya mbwa walizaliwa kutokana na wachache mno, na ndugu walizaa na ndugu. Magonjwa ya ukoo yakajitokeza. La kwanza lilikuwa upungufu wa damu ulioua mbwa wakiwa bado vijana. Kipimo cha damu kilipopatikana, wafugaji waliacha kuzalisha mbwa waliobeba ugonjwa huo, nao ukapungua sana.

La pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu linamshika mbwa akiwa mtu mzima, mara nyingi kati ya miaka 4 na 7, wakati tayari ameshazaa. Ni ugonjwa wa Fanconi. Figo zinashindwa kurudisha mwilini sukari, chumvi na vitu vingine vya lazima, vyote vinatoka na mkojo. Mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa bila kukoma, anakonda, misuli inaisha. Zamani dalili hizo zilikuwa hukumu ya kifo. Mwenye mbwa alimpeleka kwa daktari achomwe sindano ya mwisho, au alimtoa nyumbani kwa sababu ya kulowesha sakafu.

Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili, na moja yake ilipitia hapa.

Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Jon Curby na Michael Work, walikuja Zaire kutafuta mbwa wapya. Walifika kaskazini-mashariki, katika nchi ya Azande, wakaingia vijijini ambako mbwa wa kuwinda walikuwa wangali wanaishi kama zamani. Mwaka 1988 ikafuata safari nyingine. Mbwa waliopelekwa waliitwa Avongara, jina la ukoo wa watawala wa Azande. Mwaka 1990 American Kennel Club kilifungua tena kitabu chake na kuandikisha mbwa 14 kutoka Afrika, ili damu mpya iingie katika ukoo uliokuwa umebana. Kwa hiyo, aina iliyokuwa imeugua ughaibuni ilitafutiwa nguvu katika vijiji vya Haut-Zaïre, jimbo ambalo wakati huo lilijumuisha pia Ituri.

Njia ya pili ilipita kwa mbwa wagonjwa wenyewe. Katika miaka ya 1990, Steve Gonto, Mmarekani aliyefuga basenji, alitunga utaratibu wa matibabu ya Fanconi: kupima damu mara kwa mara, kisha kumrudishia mbwa kile ambacho figo zinapoteza. Dawa yake kubwa ni bikabonati ya sodiamu, unga uleule unaotiwa katika maandazi, lakini kwa kipimo kinachopangwa na daktari, pamoja na vitamini na madini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu mbwa 60 wenye ugonjwa huo, karibu wote basenji, ulionyesha kwamba nusu yao waliishi zaidi ya miaka 5 baada ya ugonjwa kugunduliwa. Mbwa aliyekuwa akihesabiwa maiti alianza kuzeeka kama wenzake.

Hapo ndipo watu walipopata moyo wa kuwachukua basenji wazee waliotupwa. Marekani kuna jumuiya ya kujitolea, Basenji Rescue and Transport, ambayo kazi yake ni kuwapokea mbwa hao na kuwatafutia nyumba mpya, hata wenye Fanconi. Anayemchukua mmoja wao anajua atampa vidonge kila siku, atamtoa nje usiku, na huenda akamzika baada ya miaka michache.

Watu hao walisaidia hata sayansi. Kwa sampuli za damu walizotoa wenye mbwa, wagonjwa kwa wazima, watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walipata mwaka 2007 kipimo cha kutabiri Fanconi, na mwaka 2011 kipimo cha jeni yenyewe. Leo mfugaji anaweza kujua kabla ya kuzalisha. Kama mbwa wote wagonjwa wangeuawa siku ya kwanza, wanasayansi wangekosa mengi ya kujifunza.

Kurudi Bunia, hakuna anayeitaka familia ya hapa ifanye kama ya Boston. Vipimo vya damu vya mara kwa mara si vya mji huu. Lakini mbwa mzee wa mtaani kwa kawaida hana Fanconi. Ana minyoo, kupe, ukurutu, vidonda na njaa, na mengi ya hayo yana dawa ambayo daktari wa mifugo anaijua. Mbwa mwenye meno mabovu anakula bugali laini iliyochanganywa na samaki wadogo wa Ziwa Albert. Akishapona na kuzoea nyumba, anajua nani mgeni na nani mwenyeji kuliko mbwa mchanga.

Sharti moja halina mjadala: kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara unaua. Mbwa asiyejulikana aliyebadilika tabia, anayetokwa mate mengi, anayeyumba au kuuma ovyo, asichukuliwe nyumbani wala asiguswe. Waitwe wahusika wa mifugo. Mbwa anayechukuliwa aonwe kwanza na daktari, apewe chanjo, na asiachwe na watoto peke yao katika siku za mwanzo. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe kituo cha afya bila kusubiri kuona kama mbwa atakufa.

Baada ya hapo, anayeamua kumpa nafasi mbwa mzee karibu na jiko lake hana haja ya kuona haya mbele ya majirani. Wakimuuliza mbwa huyo ni wa kazi gani, anaweza kuwasimulia habari za yule jike aliyetolewa mifupa mitupu katika meli huko Boston, na watoto aliowazaa.